Giaboksi ya Kuka

Ukitoka Webuye kurudi Kitale, kuna mahali barabara inateremka mpaka mto Kamukuywa kisha inapanda upande wa pili. Dereva wa manual anavuka daraja, anakanyaga klachi, anashusha gia moja, na gari inapata nguvu ya kupanda. Dereva wa auto hana kazi hiyo. Anakandamiza mafuta tu, na giaboksi inatakiwa kuelewa yenyewe kwamba mlima umefika.

Agosti mwaka jana, yetu haikuelewa. Tulikuwa tumetoka matanga Bungoma. Nyuma ya pikapu kulikuwa na viti vya plastiki, sufuria mbili kubwa na shangazi zangu watatu. Kukhu, yaani nyanya yangu, ndiye alikuwa kwa usukani. Alikanyaga mafuta hadi chini. Injini ikanguruma kwa sauti nzito ya kuchoka, gia ikabaki pale pale juu, na lori lililokuwa nyuma yetu likaanza kupiga honi. Tukapanda kwa mwendo wa ng'ombe wanaorudi zizini. Tulipokuwa karibu kabisa kusimama, ndipo giaboksi ikashuka gia kwa kishindo, sufuria zikagongana, na shangazi mmoja akaita jina la Yesu.

"Gari ya Kuka wako imechoka kama mimi," Kukhu akasema, macho yakiwa barabarani.

Wiki hiyo tuliipeleka kwa mafundi watatu Kitale. Wa kwanza hakufungua hata boneti. Alisikia neno "auto" na mwaka wa gari, akacheka. Wa pili alisema hewa ya Kitale ni nyepesi, auto haipendi huku juu. Wa tatu alikuwa mpole zaidi, akatupigia hesabu kabisa: tung'oe auto, tuweke giaboksi ya manual kutoka gari iliyokufa, elfu themanini na kazi yake ndani. Wote watatu walikuwa na jibu moja: ng'oa auto, weka manual.

Kwa kawaida ningekubali. Mimi si mtu wa magari. Nilikuwa nasoma historia chuoni, nikafika mwaka wa tatu, karo ikakwama, nikarudi Kiminini kwa Kukhu, na siku hizi naandikia watu vitu mtandaoni nikilipwa kwa neno. Shida ni kwamba Kukhu ana miaka sabini na tatu na goti lake la kushoto limekwisha. Klachi inakanyagwa na mguu wa kushoto. Ukiweka manual kwenye ile pikapu, umemnyang'anya funguo. Hataenda tena sokoni na maziwa yake, hataenda matanga, hataenda kanisani bila kumwomba mtu. Atakaa nyumbani angoje kubebwa.

Basi nikafanya kile nilichofundishwa kabla karo haijaisha. Nikajiuliza hili jibu la watu watatu lilitoka wapi.

Naanza na Kuka. Babu yangu alilima mahindi Trans Nzoia maisha yake yote, na mwaka 1988 trekta ilimlalia mguu wa kushoto. Mguu haukukatwa, lakini haukukunja tena. Alikuwa na pikapu ya manual wakati huo na akaiuza, maana kila akijaribu klachi alilia. Kwa miaka sita alikuwa abiria. Kukhu anasema hiyo ndiyo miaka mibaya ya ndoa yao, kwa sababu Kuka alikuwa mtu wa kuendesha wengine, si wa kuendeshwa. Mwaka 1994 akarudi nyumbani na pikapu ya Kijapani ya mwaka 1984, rangi ya maziwa, pedali mbili tu chini. Alikuwa ameinunua kwa mtu aliyeitoa bandarini Mombasa. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, maana utaona mbele kwamba kosa halikuwa lake.

Kwa nini 1994 na si 1988, siku alipoanza kuihitaji? Pesa ni sehemu ya jibu. Sehemu kubwa zaidi ni serikali.

Kenya ya miaka ya sabini iliamua kuunganisha magari yake hapa hapa. Leyland ilianzisha kampuni yake ya Thika mwaka 1974. General Motors na serikali walianzisha kampuni yao Nairobi mwaka 1975, na magari yakaanza kutoka mwaka 1977. Mombasa kukawa na Associated Vehicle Assemblers. Vipande vililetwa kwenye makasha, vikaungwa na Wakenya, na ili viwanda hivyo visife, gari nzima kutoka nje ilizuiwa kwa leseni, kwa ushuru na kwa uhaba wa pesa za kigeni. Ndiyo sababu wazazi wetu wakikumbuka magari ya zamani wanataja orodha fupi: Peugeot 504, Land Rover, Isuzu, Datsun, Kombi. Pikapu zilizotoka kwenye viwanda hivyo kwa ajili ya shamba zilikuwa manual. Zilikuwa nyepesi kutengeneza, na kijana aliyejifunza moja alikuwa amejifunza karibu zote. Auto ilikuwepo, lakini kwenye Mercedes ya mtu mkubwa, na mtu mkubwa alikuwa na garaji yake Nairobi. Fundi wa Kitale angeweza kufanya kazi miaka ishirini bila kufungua hata moja.

Tulijaribu hata kwenda mbali zaidi ya kuunganisha. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa kwa umma. Machache tu yalitengenezwa. Miaka mitatu baadaye, 1993, leseni za kuagiza bidhaa zikaondolewa kwa shinikizo la wakopeshaji, na mlango ukafunguka. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka Mombasa, meli baada ya meli.

Na Japani ilikuwa imeshabadilika. Mwaka 1991 nchi hiyo ilianzisha leseni ya udereva ya auto peke yake, kwa sababu magari mengi mapya huko tayari hayakuwa na klachi. Japani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani uko kulia, kwa hiyo gari aliyoichoka Mjapani ilikuwa imekaa sawa kabisa kwa Mkenya. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba Wakenya waache klachi. Tulirithi uamuzi wa nchi nyingine pamoja na stika zake za kwenye kioo ambazo mpaka leo hatujui zinasema nini.

Jambo moja halikushuka na meli: vitabu. Na kile kitabu kimoja kilichosahaulika chini ya kiti kilikuwa kwa Kijapani.

Ebu mfikirie fundi wa Kitale mwaka 1994. Amejifunza kwa mikono miaka kumi na tano. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani liliandika ripoti kuhusu Kenya iliyowafanya wataalamu waanze kuzungumza juu ya watu kama yeye, na mwaka 1986 serikali yenyewe ikaandika kwenye waraka wa bunge kwamba jua kali ni tegemeo la uchumi. Maneno mazuri. Halafu inaletwa mbele yake giaboksi ambayo hajawahi kuona ndani yake, yenye njia nyembamba za mafuta kama kichuguu, na mwenye gari anasimama pale anataka jibu kabla ya saa kumi. Akiifungua na kuiharibu, atailipa yeye. Akisema "ng'oa, weka manual", anauza kazi anayoijua na gari inaondoka ikitembea. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Na kila aliyesema hivyo alimfundisha kijana wake aseme hivyo. Ndivyo "sikuijua" ya 1994 ilivyogeuka kuwa "auto ni mbovu" ya leo.

Utani nao ukafuata. Auto ni gari ya wanawake. Auto haipandi mlima. Auto inakunywa mafuta kama shemeji. Kuka aliyasikia yote akiwa dereva wa auto pekee kwenye njia yetu, na alikuwa na jibu moja: yeye anaendesha kwa kichwa, miguu aliwaachia wao.

Ati auto haipandi mlima. Mjerumani Hermann Föttinger alipata hati ya ubunifu mwaka 1905 kwa njia ya kusukuma nguvu kupitia kimiminika, na alikuwa anafikiria meli. Mwaka 1939 General Motors ilitangaza Hydra-Matic kwenye Oldsmobile, auto ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, na vita vilipokuja giaboksi hiyo hiyo ikawekwa kwenye vifaru vyepesi vya jeshi la Marekani, aina ya M5. Kifaru kilipanda. Japani, mwaka 1970, Nissan, Ford na Toyo Kogyo, ambayo leo ni Mazda, walianzisha pamoja kampuni ya JATCO kutengeneza giaboksi za auto tu. Kwa hiyo pikapu ya Kuka ilipotoka kiwandani mwaka 1984, teknolojia hiyo ilikuwa na umri wa mtu mzima. Ilikuwa ngeni kwetu tu.

Fundi aliyenisaidia kuelewa haya yupo Bungoma, upande wa Kanduyi. Binamu alinielekeza. Ni mzee aliyeanza akiwa kijana wa kuosha spana kwenye garaji ya Mhindi mmoja Kitale, enzi ambazo garaji za mji ule zilikuwa zinaishi kwa matrekta ya mahindi. Baadaye alifanya kazi Nairobi, akarudi, na sasa ana kibanda, jeki mbili na daftari. Hakuniuliza gari ni ya mwaka gani. Aliniuliza, "Inabadilisha kwenda juu mapema, ama inachelewa?"

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Kukhu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akajibu bila kusita: "Mapema sana. Hata sijafika arobaini, tayari imeingia tatu. Zamani haikuwa hivyo."

"Mama," mzee akasema, "wewe umeshanipa nusu ya jibu."

Halafu akanieleza, na nitajaribu kueleza kama alivyofanya, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo kitabu cha Kijapani kiliificha.

Giaboksi ya auto ya zamani haina kompyuta. Inasikiliza watu wawili wanaobishana. Wa kwanza ni gavana. Huyu si wa kaunti, na si yule wa matatu aliyeletwa na sheria za Michuki mwaka 2004. Ni kifaa kidogo chenye vyuma vinavyozunguka na shafti ya nyuma: gari ikiongeza mwendo, presha ya mafuta kutoka kwake inapanda, na yeye kazi yake ni kusema, "Tumekimbia vya kutosha, panda gia." Wa pili ni mguu wa dereva. Mguu ukikandamiza unasema, "Bado nina kazi, subiri," au mlima ukizidi, "Rudi chini." Gia inapanda au inashuka kulingana na nani ana sauti kubwa zaidi.

Mguu unafikisha ujumbe vipi? Hapo kampuni zilitofautiana. Nyingine zilitumia kebo kutoka kwenye kabureta mpaka kwenye giaboksi. Hiyo ikilegea, gia inachanganyikiwa. Pikapu yetu inatumia njia mbili. Njia ya kila siku ni pumzi ya injini. Injini inapozunguka inavuta hewa. Ukikanyaga mafuta kidogo, mlango wa kabureta umefungwa nusu, na mvuto ni mkali. Ukikandamiza, mlango unafunguka na mvuto unapungua. Mpira mwembamba unapeleka mvuto huo mpaka kwenye kikopo cha bati ubavuni mwa giaboksi, ambacho ndani kina ngozi ya mpira na springi. Mvuto mkali unarudisha ngozi nyuma: giaboksi inajua mguu ni mwepesi. Mvuto ukipungua, springi inasukuma: giaboksi inajua mguu ni mzito. Njia ya pili ni ya dharura. Ukikanyaga hadi mwisho kabisa, pedali inagusa swichi, umeme unaenda kwenye giaboksi, na gia inashuka kwa lazima. Mafundi wanaiita teke.

"Sasa yule aliyekuambia hewa ya Kitale," mzee akaendelea, "hakukudanganya. Alikuambia ukweli wa gari nyingine."

Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma kama 1,400. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na mvuto wa injini unapungua. Kampuni zilijua hilo, na baadhi zilitengeneza vikopo maalum vya nchi za milima. Lakini mvuto ukipungua, giaboksi inadhani mguu ni mzito, kwa hiyo inachelewa kupanda gia. Yetu ilikuwa inawahi. Hewa ya Kitale ingeleta kosa lililo kinyume na letu. Nilikaa pale nikaona aibu kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya historia: ukiambiwa sababu, uliza kama ingeleta tokeo hili au lingine. Niliisoma miaka mitatu na sikuitumia kwa gari ya nyumbani.

Mzee hakugusa giaboksi yenyewe. Alifuata utaratibu, na kila hatua aliitaja kwa sauti kama daktari anayefundisha.

Kwanza mafuta. Injini ikiwa moto na inanguruma, gia iko P, akavuta kijiti na kukipangusa kwa karatasi nyeupe. Mekundu, yamefifia kidogo, hayanuki kuungua. Yangekuwa meusi yenye harufu ya ugali ulioshika chini, alisema, angetuambia habari mbaya.

Pili, mkono badala ya mguu. Tulitoka naye mpaka mahali penye mpando, akamwambia Kukhu avute lever aiweke kwenye 2. Gari ikashika gia ya pili mara moja na kupanda bila kuteleza. "Mwili ni mzima," mzee akasema. "Ukiiamuru kwa mkono inatii. Kinachokosekana ni ujumbe." Nusu saa ilikuwa haijaisha na elfu themanini zilikuwa zimeshaokolewa.

Tatu, teke. Akazima injini, akafungua swichi ya umeme, akalala chini ya gari na kumwambia Kukhu akanyage mafuta hadi mwisho. Kukawa kimya. Kungetakiwa kusikika "tik" kutoka kwenye giaboksi. Tukafuata waya kutoka kwenye pedali, na chini ya dashibodi tukaukuta umekatwa na kuungwa kwenye redio. Hiyo redio naikumbuka. Kuka aliiweka ili asikilize taarifa ya saa moja, na mimi nilikuwa mdogo nikimshikia tochi. Ina maana teke lilikufa zamani, na hakuna aliyelikosa, kwa sababu njia ya kila siku ilikuwa inafanya kazi.

Nne, pumzi. Akachomoa mpira kwenye kile kikopo cha bati na kuchungulia. Kungekuwa na mafuta mekundu ndani, ngozi ingekuwa imepasuka, injini ingekuwa inayanywa na kutoa moshi. Mpira ulikuwa mkavu. Akautoa wote. Ulikuwa vipande viwili, vimeunganishwa katikati na kitu cheusi cha plastiki, kidogo kama kifuniko cha soda. Akapuliza kutoka upande wa giaboksi: hewa ikapita. Akapuliza kutoka upande wa injini: ikagoma. Akanipa nijaribu mwenyewe. Nilipuliza mpaka masikio yakalia.

"Hiki wewe unaona ni nini?"

"Kiungio."

"Hata aliyekiweka aliona kiungio."

Ilikuwa vali ya upande mmoja. Kwenye gari nyingine ina kazi yake halali: inaruhusu injini ivute hewa, inazuia hewa isirudi. Miaka miwili iliyopita mpira wa zamani ulipasuka njiani, fundi wa kando ya barabara akatafuta vipande viwili kwenye gari iliyokufa, akaviunga na kile alichodhani ni kiungio. Tangu siku hiyo, injini ilivuta hewa kutoka kwenye kikopo na hewa haikuweza kurudi. Kwa giaboksi, mguu wa Kukhu ulikuwa mwepesi daima. Alikandamiza pale Kamukuywa kwa nguvu zake zote, na ujumbe uliofika ulikuwa wa mtu anayetembea tu baada ya chakula cha mchana. Gavana akabaki anaongea peke yake. Gia ilishuka tu pale mwendo ulipokufa kabisa na gavana naye akanyamaza.

Mzee alituonya kwamba tungeendelea hivyo miezi michache zaidi, presha ndogo ya mafuta ingefanya klachi za ndani ziteleze na kuungua, na hapo wale mafundi watatu wangekuwa wamesema kweli. Gari ingekufa, na sote tungesema, si tuliambiwa, auto ni mbovu.

Alikata mpira mpya mmoja, mzima, bila kiungio. Akarudisha waya wa teke mahali pake na kuipa redio waya wake. Mpira ulikuwa shilingi mia na hamsini. Kazi alitutoza elfu mbili, na Kukhu akamwongezea kuku.

Nimefikiria sana kuhusu yule fundi wa kando ya barabara. Ni rahisi kumcheka. Lakini alituokoa siku ile, gari ikafika nyumbani. Alichokosa ni sentensi moja: kitu hiki kina upande, angalia mshale. Sentensi hiyo ilikuwepo duniani tangu kabla hajazaliwa, kwa Kijapani, kwa Kiingereza, kwenye vitabu ambavyo bei yake ni mshahara wake. Yule mzee wa Kanduyi anayo kwa sababu mtu alimwonyesha, na ameiandika kwenye daftari ambalo panya mmoja au mvua moja inaweza kulimaliza. Tulifungua bandari mwaka 1993. Hakuna aliyefungua daftari.

Na kuna watu wanaolipia. Leo hata leseni ya Kenya ina daraja la auto peke yake, na vijana wenzangu Nairobi wengi hawajawahi kukanyaga klachi. Kwao auto ni gari tu. Lakini kwa gari ya zamani, upande wetu huku, bado ushauri wa kwanza ni kung'oa. Kila ikingolewa moja, kuna mtu kama Kuka aliyerudi kuwa abiria.

Tulirudi Kitale siku hiyo hiyo, jua likiwa linaelekea Mlima Elgon. Kwenye daraja la Kamukuywa nilijikuta nimeshika mlango. Kukhu alikandamiza, si hadi mwisho, kama nusu tu. Injini ikanyamaza kidogo, ikapandisha sauti, na gia ikashuka laini kiasi kwamba singejua kama nisingekuwa nasikiliza. Tukapanda. Kukhu hakusema kitu mpaka juu.

"Kuka wako angekuwa ameimba," akasema.

Jioni hiyo niliandika zile hatua nne kwenye karatasi ngumu, kwa Kiswahili, herufi kubwa: mafuta, lever kwenye 2, sikiliza tik, puliza mpira. Nikaifunika na selotepu na kuiweka kwenye droo ya dashibodi, mahali kitabu kilipotakiwa kuwa. Kukhu aliitoa, akavaa miwani yake na kuisoma yote polepole, kidole kikifuata mistari. Kisha akanirudishia.

"Hapa kwa mpira," akasema, "chora mshale. Fundi anayekuja anaweza kuwa hana wakati wa kusoma."